MOTO SI SILAHA YA MUUMINI

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, Maswahaba zake na kila afuataye mwendo wao hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu, moto ni neema. Mwenyezi Mungu katika Suratul-Waqi'a ametutaka tuutafakari moto tunaouwasha, na akatujulisha kwamba ameufanya kuwa ukumbusho na manufaa kwa wasafiri. Kwa moto tunapika, tunajiotea baridi ya alfajiri katika milima ya Tarime, na wafugaji wa Serengeti huunguza nyasi kavu ili mvua ikinyesha majani mapya yachipue. Lakini neema hii katika wilaya zetu mbili imegeuzwa na baadhi ya watu kuwa silaha. Pakizuka ugomvi wa mifugo au wa mipaka ya mashamba, nyumba huchomwa. Akishikwa anayetuhumiwa wizi, hutafutwa tairi na petroli. Akinong'onezwa bibi kizee kuwa ni mchawi, paa lake la nyasi huwa hatarini usiku huo huo.

Makala hii ina jambo moja la kusema. Mtu anayeandaa, anayeficha, anayebeba au anayeuza zana ya kuchomea binadamu na makazi yao ameshafanya kosa kabla moto haujawaka, na inafaa sheria ya nchi iseme hivyo kwa uwazi. Sisi Waislamu, ijapokuwa ni wachache katika wilaya hizi, ndio tunaopaswa kuwa wa mwanzo kuiunga mkono kauli hiyo, kwa sababu dini yetu imeitangulia kwa karne kumi na nne.

MOTO KATIKA MIZOZO YETU

Mkazi yeyote wa Tarime anaijua historia ya mapigano ya koo. Wanchari na Warenchoka, Wairegi na Wanyabasi, na koo nyinginezo za Kikurya, zimepigana kwa nyakati mbalimbali kwa sababu ya ardhi na wizi wa ng'ombe. Hali hiyo ni miongoni mwa mambo yaliyoifanya Serikali iunde Mkoa maalumu wa Kipolisi wa Tarime/Rorya. Katika mapigano hayo mishale, mikuki na mapanga hutajwa sana, kwa kuwa majeraha yake huonekana hospitalini. Moto hutajwa kidogo. Hata hivyo, moto ndio unaofanya kazi ambayo mshale hauwezi: mshale humpata mpiganaji aliye mbele, lakini moto humfikia asiyepigana aliyebaki nyuma.

Tazameni kinachoungua. Inaungua nyumba ya nyasi ambamo mama amelala na watoto wake. Linaungua ghala la mahindi na ulezi, chakula cha familia mpaka mavuno mengine. Zinaungua hati za ardhi, vyeti vya shule na kadi za kliniki. Zizi likiwaka, ng'ombe waliokuwa chanzo cha ugomvi nao huteketea, au hukimbia wakaibwa na watu wa tatu. Na mtoto aliyeokolewa akiwa mgongoni mwa dada yake hukua akiujua ukoo uliomchomea nyumba, wala hamjui mtu mmoja mwenye jina. Wahenga walisema moto huzaa majivu. Moto wa koo unazaa majivu pamoja na kisasi.

Jambo hili halikuanzia kwetu wala halikuishia kwetu. Jirani zetu wa Kenya walishuhudia tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, likichomwa moto huku ndani mkiwa na watu waliokimbilia humo kutafuta usalama, wengi wao wanawake na watoto. Kabla ya hapo, mwezi Machi 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli, wilaya ya Machakos, wanafunzi 67 waliteketea baada ya petroli kumwagwa katika bweni lao usiku. Petroli ile haikuota bwenini. Kuna mahali ilipatikana, kuna mikono iliyoibeba, na kuna muda ulipita kati ya kupatikana kwake na kuwashwa kwake. Katika muda huo ndimo lilimokuwemo tumaini la kuwaokoa watoto 67.

Na tusiwataje wengine tukajisahau. Mwezi Oktoba 2012, kule Mbagala, Dar es Salaam, mtoto aliponajisi Mus-haf, watu walivamia makanisa, na mengine wakayatia moto. Hasira juu ya kudhalilishwa Qur'an ilikuwa ya haki. Moto haukuwa wa haki. Waliokuwa wakisali katika makanisa yale hawakumtuma mtoto yule, na Qur'an ile ile iliyokuwa ikitetewa inatufundisha katika Suratul-An'am, aya ya 164, kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine.

UISLAMU UMESEMA NINI JUU YA KUADHIBU KWA MOTO?

Amepokea Imamu Bukhari kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliwatuma Maswahaba katika msafara wa kijeshi, akawaagiza kwamba wakiwapata watu wawili aliowataja kwa majina, wawachome moto. Walipokuwa tayari kuondoka aliwaita, akawaeleza kuwa aliwaamuru kuwachoma, lakini moto hauadhibu kwao ila Mwenyezi Mungu. Basi wakiwapata wawaue bila kuwachoma. Wawili hao walikuwa maadui waliostahiki kuuawa kwa hukumu ya kiongozi wa dola. Pamoja na hayo, adhabu ya moto iliondolewa kwao. Ikiwa adui wa vitani amevuliwa adhabu hiyo, atachomwaje kijana aliyetuhumiwa kuiba kuku au baiskeli, asiyefikishwa mbele ya kadhi wala hakimu?

Katika Sunan ya Abu Dawud imepokewa kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliona kichuguu cha sisimizi kimechomwa moto. Akauliza ni nani aliyekichoma. Walipokiri, aliwafundisha kwamba haimpasi yeyote kuadhibu kwa moto isipokuwa Mola wa moto. Ndugu zangu, hao ni sisimizi! Mtume wa Mwenyezi Mungu alisimama kwa ajili ya sisimizi, nasi tunapita pembeni ya mwanaadamu anayewaka katikati ya barabara, tukishika pua.

Na Qur'an imewalaani watu wa mahandaki katika Suratul-Buruj, wale waliowasha moto wenye kuni nyingi kisha wakakaa kando yake wakishuhudia wanayowatenda waumini. Zingatieni: Mwenyezi Mungu hakutaja kuwasha peke yake. Ametaja pia kukaa na kutazama. Anayechukua kiti chake kushuhudia mtu akichomwa, au anayeinua simu yake kupiga picha, na arejee katika sura hiyo akajitafute yuko upande gani.

Wapo wanaojitetea kwa elimu nusu. Husema: je, Mtume (s.a.w.) hakutaka kuzichoma nyumba za wasiohudhuria swala ya jamaa? Je, Msikiti wa Dhirar haukuteketezwa? Je, Ali bin Abi Talib (r.a.) hakuwachoma wazandiki? Hizi ni hoja zinazotajwa vijiweni, na zinahitaji majibu.

Kuhusu nyumba za wasiohudhuria jamaa, Mtume (s.a.w.) alitaja kwamba alikusudia, na hakufanya. Katika riwaya iliyopokewa na Imamu Ahmad imetajwa kilichomzuia, nacho ni wanawake na watoto waliomo majumbani. Sababu hiyo hiyo ndiyo iliyomo katika kila nyumba ya nyasi ya Tarime na Serengeti. Kuhusu Msikiti wa Dhirar, hilo lilikuwa jengo la njama lililofichuliwa kwa wahyi, na amri ilitoka kwa Mtume (s.a.w.) akiwa mkuu wa dola, wala haikuwa kazi ya kundi la vijana lililokutana usiku. Na kuhusu Sayyidna Ali (r.a.), Bukhari amepokea kwamba habari hiyo ilipomfikia Ibn Abbas (r.a.), alisema kuwa lau angekuwa yeye asingewachoma, kwa sababu Mtume (s.a.w.) amekataza kuadhibu kwa adhabu ya Mwenyezi Mungu. Ibn Hajar al-Asqalani ameieleza kwa urefu khitilafu ya wanavyuoni katika mas-ala hii ndani ya Fat-hul-Bari. Lakini khitilafu yote ile inahusu khalifa na kadhi. Hakuna mwanachuoni aliyempa muuza duka, dereva wa bodaboda au kijana wa kijiweni ruhusa ya kumchoma mtu.

Tena Abu Bakr as-Siddiq (r.a.), alipokuwa akiliaga jeshi lililokwenda Sham chini ya Yazid bin Abi Sufyan, aliwausia wasiue wanawake, watoto wala wazee, wasikate miti yenye matunda wala wasichome mitende, kama ilivyo katika Muwatta ya Imamu Malik. Huo ndio mwenendo wa vita katika Uislamu. Ulimwengu wa leo nao umeanza kuufuata: mwaka 1980, mjini Geneva, mataifa yalipitisha itifaki maalumu ya kuzuia silaha za moto zisitumiwe dhidi ya raia vitani. Basi kama vita vya mataifa vimewekewa mpaka huo, ugomvi wa ng'ombe wawili utakosaje mpaka?

KUZIBA NJIA KABLA YA MADHARA

Huenda msomaji akasema: tumekubali kwamba kuchoma ni haramu, lakini kuwa na kitu tu ndani ya nyumba, hilo nalo ni kosa? Hapa ndipo ulipo moyo wa makala hii.

Sheria ya Kiislamu haingojei madhara yatokee ndipo inene. Wanavyuoni wa usuli wameiita kanuni hii saddu-dharai', yaani kuziba njia zinazopeleka kwenye uovu, na Ibnul-Qayyim katika I'lamul-Muwaqqi'in ameitolea mifano 99 kutoka katika Qur'an na Sunna. Tuchukue mifano inayogusa zana za hatari.

Mtu mmoja alipita msikitini akiwa na mishale ambayo ncha zake zilikuwa wazi. Mtume (s.a.w.) alimwamuru azishike ncha zake. Katika hadithi ya Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) amri hiyo imetajwa kwa msikitini na sokoni pia, ili asije Mwislamu yeyote akadhurika. Mtu yule hakuwa amemjeruhi mtu, wala hakukusudia kumjeruhi. Alikuwa anapita tu. Lakini namna ya kubeba kitu cha hatari mahali penye watu ilitosha kuwekewa sharti. Vilevile Mtume (s.a.w.) amekataza kupeana upanga ukiwa nje ya ala, kama ilivyo kwa Abu Dawud na Tirmidhi. Na amekataza mtu kumwelekezea nduguye silaha, kwa kuwa hajui. Pengine Shetani akauvuta mkono wake, naye akatumbukia katika shimo la Moto. Hadithi hii imo katika Sahihi mbili.

Kuhusu moto wenyewe, nyumba moja mjini Madina iliungua usiku ikiwa na watu wake. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa habari yao alisema kwamba moto ni adui yenu, basi mnapolala uzimeni. Na katika hadithi nyingine ameamrisha taa zizimwe usiku, kwani panya huenda akauvuta utambi akawaunguza watu wa nyumba. Ikiwa sheria imezingatia panya asiye na akili na utambi wa taa, itamwachaje mwenye akili aliyekaa chumbani akitia utambi kwenye chupa ya petroli, naye anajua nyumba atakayoirushia?

Ama mfanyabiashara, jukumu lake ni zito kuliko anavyodhani. Katika vijiji vingi vya nchi yetu petroli huuzwa katika chupa na madumu kando ya barabara, kwa kuwa kituo cha mafuta kiko mbali na pikipiki ni nyingi. Biashara hiyo ina hatari zake. Hakuna aliyesahau Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambapo zaidi ya watu 100 walifariki baada ya lori la mafuta lililopinduka kulipuka wakati watu wakichota petroli. Lakini tuache ajali, tuzungumzie makusudi. Umati umemzingira mtu barabarani, kelele za "mwizi!" zinasikika hadi dukani, kisha anakuja kijana mbio bila pikipiki, anataka petroli nusu lita. Muuzaji anaijua safari ya petroli ile. Mwenyezi Mungu katika Suratul-Maida, aya ya 2, ametukataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Wanavyuoni wamezungumzia kumuuzia zabibu anayejulikana kuwa atazifanya mvinyo, na kuuza silaha wakati wa fitina, Swahaba Imran bin Husayn (r.a.) aliichukia biashara hiyo ya pili. Pesa ya nusu lita ile haiingii katika riziki ya halali, hata ikiwa kiasi chake ni kidogo.

SHERIA ILIYOPO NA INAYOTAKIWA

Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu, Sura ya 16, katika kifungu cha 319 imeweka adhabu inayoweza kufikia kifungo cha maisha kwa anayechoma jengo kwa makusudi na bila haki, na kifungu cha 320 kinamwadhibu anayejaribu. Adhabu hizo ni kali. Lakini uzito wake unaonekana baada ya moto kuwaka, au mhusika akiwa tayari ameshafika kwenye nyumba ya watu. Wakati huo, mara nyingi ni usiku, wachomaji ni wengi, mashahidi ni watu wa ukoo mmoja, na kila mmoja anamwogopa mwenzake. Kesi hukosa ushahidi, mshitakiwa hurudi nyumbani, na waliochomewa huanza kuandaa moto wao.

Kwa bunduki na baruti nchi imechukua njia nyingine. Sheria ya Baruti ya mwaka 1963 na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hazisubiri mtu auawe. Kumiliki bila kibali ni kosa linalojitegemea. Zana ya kuchomea watu inastahiki kutajwa kwa namna hiyo hiyo, kwa jina lake na kwa maneno ambayo mtendaji wa kijiji, askari na mwananchi wa kawaida watayaelewa. Mataifa mengine yameshafanya hivyo. Marekani, nchi ambayo raia wake humiliki bunduki kwa wingi, tangu mwaka 1968 imeyaweka mabomu ya moto katika fungu la zana za maangamizi zisizomilikiwa bila kusajiliwa. Na Uingereza ina sheria ya mwaka 1883 juu ya vitu vya milipuko, ambayo mahakama zake zimeihesabu chupa ya petroli iliyotiwa utambi kuwa imo ndani yake.

Hata hivyo, Waislamu wa nchi hii wana sababu ya kuuliza maswali kila inapotajwa sheria mpya ya usalama. Tunaikumbuka Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002 na hofu iliyoingia misikitini kwa upana wa maneno yake. Tunawakumbuka masheikh wa Uamsho waliokaa mahabusu kwa miaka mingi mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka alipoondoa mashtaka dhidi yao mwezi Juni 2021. Anayesema kwamba sheria pana huwa wavu unaovua samaki na wasio samaki hasemi uzushi.

Kwa hiyo tunayoitaka ni sheria finyu, yenye makali mahali pake. Kwanza, itaje kitu kinachokatazwa: chombo kilichoandaliwa ili kurusha au kusambaza moto juu ya mtu, makazi, ghala, zizi au nyumba ya ibada. Pili, ikataze kukitengeneza, kukificha, kukibeba, kukiuza na kukitoa kwa mwingine. Tatu, mzigo wa kuthibitisha maandalizi na kusudio uwe juu ya Jamhuri; dumu la petroli ndani ya nyumba ya mwenye pikipiki, mafuta ya taa ya mama lishe, jenereta ya msikiti na kiberiti cha mfugaji visiwe ushahidi wa kosa. Nne, sheria isitumike kuwakamata wauzaji wadogo wa petroli kwa umaskini wao. Hao wapewe utaratibu wa leseni na vituo vidogo salama vijijini, kisha atakayeuza akijua petroli inakwenda kuchoma mtu ahesabiwe mshiriki. Tano, mtoto aliyetumwa na wakubwa kubeba chupa ashughulikiwe chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na mkubwa aliyemtuma asiachwe nyuma. Sita, utangulie muda wa kusalimisha bila kushitakiwa, kama Serikali ilivyowahi kufanya kwa silaha haramu.

Yapo masharti hayo pia katika fiqhi yetu. Suratul-Hujurat, aya ya 6, inaamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Amri hiyo inamhusu askari mwenye pingu kama inavyomhusu mwananchi mwenye petroli.

WAJIBU WA MISIKITI YETU

Sheria hutungwa Dodoma, na Bunge lina ratiba yake. Misikiti ya Tarime mjini, Sirari, Nyamongo na Mugumu haina haja ya kungoja. Yapo mambo tunayoweza kuyaanza Ijumaa hii.

Maimamu na wafafanue katika khutba hukumu ya kuadhibu kwa moto, kwa dalili na si kwa kelele. Wengi wa vijana wetu wanaijua hukumu ya riba na ya ulevi, lakini hawajapata kusikia mimbarini kwamba kumchoma mwizi ni dhambi kubwa kuliko wizi wake. Wizi una hukumu yake, una masharti yake, una mashahidi wake, na una hakimu wake. Kumchoma mtu bila hukumu hakuna mlango wowote katika sharia.

Wafanyabiashara wa Kiislamu wanaouza petroli na waahidiane kutomuuzia mtu asiye na chombo cha kutumia mafuta, na kufunga duka pindi ghasia zinapoanza. Hasara ya saa mbili ni nyepesi kuliko kusimama mbele ya Mola na chupa iliyomteketeza mtu.

Waislamu waliotoka katika koo hizi na wakumbuke kwamba shahada yao imewaingiza katika udugu mpana zaidi. Muhajiri mmoja na Answari mmoja walipogombana, kila mmoja akaita watu wake, Mtume (s.a.w.) aliukemea mwito huo akauita uvundo. Aus na Khazraj walikuwa na vita vya miaka mingi, na Uislamu ukawafanya ndugu. Kijana wa Kiislamu akipigiwa yowe la ukoo kwenda kuchoma, jibu lake ni kubaki, kisha kwenda kuwazima waliokwisha kuwaka.

Wazee wa kimila wana ritongo, baraza ambalo watu wa ukoo hukutana na kukata mashauri. Hatushiriki katika viapo na matambiko yanayokwenda kinyume na tauhidi, na hilo tuliseme kwa adabu. Lakini kukaa na wazee, wachungaji na viongozi wa vijiji ili kukubaliana kwamba moto hautatumika katika ugomvi wowote ni katika wema tulioamrishwa. Mtume (s.a.w.) kabla ya utume alihudhuria Hilful-Fudhul, mapatano ya Makuraishi ya kumsaidia aliyedhulumiwa, na baada ya utume alisema kwamba angeitwa tena kwa mfano wake angeitikia. Nasi tukiitwa tuitikie, na tusipoitwa tuwaite wao.

Mwisho, kila msikiti uwe na sanduku dogo la sadaka kwa waliounguliwa. Asiulizwe mwenye nyumba ni wa ukoo gani wala ni wa dini gani. Bati kumi, gunia la mahindi na madaftari ya watoto vinavyopelekwa asubuhi baada ya moto vinaweza kuzuia moto wa usiku unaofuata, kwa kuwa aliyehurumiwa na jirani hupata sababu ya kutolipiza. Suratul-Maida, aya ya 32, imetufahamisha kwamba mwenye kuihuisha nafsi moja ni kama amewahuisha watu wote. Kuzuia chupa moja isirushwe ni kuhuisha nafsi, hata kama aliyeokolewa hatajua kamwe kwamba usiku huo alikuwa afe.

Tunamwomba Allah (s.w.) azipatanishe nyoyo za watu wa Tarime na Serengeti, awaongoze viongozi wetu watunge sheria ya haki na waitumie kwa haki, na atuepushe na moto wa dunia tunaouwashiana na Moto wa Akhera usiozimika. Amin.

Wabillahi tawfiq.